Konokono wa tangi: wachache, na wa bahari tu

KILA mavuno ya mpunga yanapokwisha Usangu, fedha huonekana kandokando ya barabara kuu. Mabati mapya, pikipiki mpya, televisheni pana ukutani. Hapa Igawa, ambapo mabasi ya Dar es Salaam kwenda Mbeya na malori ya kwenda Tunduma yote yanapita, kila mwenye biashara anagombea jicho la msafiri. Mwenye kibanda cha chipsi anazungushia taa za rangi, mwenye baa anaongeza spika.

Shemeji yangu, mwenye nyumba ya kulala wageni ya vyumba vinane na mgahawa mdogo mbele yake, aliamua kuweka kitu ambacho jirani zake hawana. Aliweka tangi la kioo la samaki wa maji ya chumvi, lita 100, karibu kabisa na kaunta.

Wapo waliomcheka. Bahari iko zaidi ya kilomita 600 kutoka hapa, na sisi tuko zaidi ya mita 1,000 juu yake. Mimi sikumcheka na mpaka leo simcheki. Dereva aliyesimama kula wali akimwona samaki wa rangi ya chungwa mwenye mistari myeupe, anasogea, anainama, anamwita utingo wake aje kuona, na soda ya pili inaagizwa. Kitu kinachomfanya mteja akae dakika kumi zaidi kina thamani kwenye mgahawa.

Kilichomwangusha ni konokono. Muuzaji aliyemfungia vifaa alimwambia kwamba mchanga wa tangi huchafuka upesi, na kwamba wapo konokono wadogo wanaoishi ndani ya mchanga ambao hula uchafu wote. Aweke 30, asahau habari ya kusafisha. Shemeji akaweka 30. Miezi miwili baadaye aliamka alfajiri akakuta maji meupe kama yaliyooshea mchele, samaki wake wanne wanaelea, na harufu inayofukuza wateja wa chai.

"Shemeji, nimelogwa," alinipigia simu.

Hakulogwa. Tulipomwaga mchanga ule uani tulikuta magamba zaidi ya 20 yaliyojaa nyama iliyooza. Konokono walikuwa wamekufa njaa mmoja mmoja chini ya mchanga, mahali ambapo hakuna mtu anayeona, na siku umeme ulipokatika usiku kucha, pampu ya hewa ikiwa imesimama, uozo ule ulimaliza hewa ya maji yote.

Nimeona niandike kwa sababu najua hayuko peke yake. Matangi ya kioo yanaongezeka kwenye mahoteli na maduka ya dawa toka Iringa mpaka Mbeya, na ushauri ule wa "weka wengi wakusafishie" unarudiwa kama ulivyo.

Konokono mwenyewe ni wa jamii inayoitwa Nassarius. Ni mdogo, gamba lake mara nyingi halizidi sentimita mbili tatu, na anapatikana kwa wingi kwenye fukwe za mchanga na tope za pwani yetu maji yanapokupwa. Mchana kutwa hujizika, akaacha nje mrija mwembamba tu kama mkonga wa tembo. Kwa mrija huo anavuta maji na kunusa. Ukidondosha kipande cha kamba au samaki, baada ya dakika chache mchanga unapasuka, konokono wanachomoka mmoja baada ya mwingine na kukimbilia nyama kwa mwendo ambao hungeutegemea kwa konokono. Watoto wa shemeji walikuwa wakiacha katuni kwenda kuangalia. (Gamba lake nalo lina historia. Katika pango la Blombos, Afrika Kusini, yamechimbuliwa magamba ya jamii hii yaliyotobolewa na kuvaliwa kama shanga zaidi ya miaka 70,000 iliyopita.)

Sasa kosa lilikuwa wapi? Huyu ni mla mizoga. Hali ukungu wa kijani unaoota kwenye kioo, wala hali kinyesi cha samaki. Anakula mabaki ya nyama na chakula kilichoanguka. Faida yake kubwa ni kwamba akienda na kurudi ndani ya mchanga anaugeuza, maji yenye hewa yanapenya chini, na mchanga hauwi mweusi wenye harufu ya mayai viza. Mkulima wa mpunga anaijua harufu hiyo kwenye jaruba lililotuama muda mrefu.

Kwa maneno mengine, huyu ni ng'ombe wa kulimia. Hakuna mtu wa Mbarali anayenunua jozi sita za maksai kwa ajili ya eka moja, kisha akawanyima majani akisema watakula magugu ya shambani. Lakini ndivyo tunavyowafanyia konokono. Tangi la lita 100 lenye samaki wanne halidondoshi chakula cha kutosha konokono 30. Linatosha konokono watano, pengine sita, na hata hao inabidi walishwe: kipande cha kamba au samaki wa bahari chenye ukubwa wa harage moja, mara mbili kwa wiki, taa zikishazimwa ili samaki wasiwapokonye. Kikibaki baada ya saa moja, kiondolewe.

Wauzaji wengi watakutajia hesabu kubwa zaidi ya hiyo. Muuzaji analipwa kwa idadi ya konokono aliouza, hakai nawe kuhesabu waliopona.

Jambo la pili ni wakati. Shemeji alianzisha tangi Jumamosi, samaki na konokono wakaingia Jumatano. Maji mapya ya chumvi ni kama shamba lililowekwa samadi mbichi. Kinyesi na mabaki hutoa amonia, na amonia huunguza kiumbe kama samadi mbichi inavyounguza mche wa nyanya. Zipo bakteria zinazoibadili amonia kuwa naitraiti, ambayo nayo ni sumu, na nyingine zinazoibadili naitraiti kuwa naitreti, ambayo viumbe huivumilia kwa kiasi. Bakteria hizo huchukua wiki nne hadi sita kuzaana kwenye mchanga na mawe. Samaki waingie baada ya hapo, wachache wachache. Konokono wa mchangani ndio wa mwisho kabisa, mwezi wa tatu hivi, mchanga ukiwa tayari una uhai na una kitu cha kula.

Mchanga wenyewe uwe laini na kina chake kisipungue sentimita tano. Usichukue ule wa mto Mbarali ambao mafundi hutumia kujengea. Una ncha kali, una udongo, na mto huo umepokea maji ya mashamba yenye mbolea na dawa. Mchanga wa chokaa unaouzwa kwa ajili ya matangi ni ghali, lakini unanunuliwa mara moja tu.

Tuje kwenye maji, maana hapa ndipo fedha ya kila mwezi inapokwenda. Maji ya bahari yana gramu 35 hivi za chumvi kwa lita. Tangi la lita 100 linataka kilo tatu na nusu za kuanzia. Ukibadili sehemu moja ya kumi kila wiki, unatumia gramu 350, na kwa mwaka mzima jumla inafika kama kilo 22. Hiyo ni chumvi maalumu ya matangi, ambayo kwa huku haiuzwi dukani kwa mangi.

Wapo waliojaribu kukwepa gharama hiyo kwa chumvi ya mezani au ile ya mawe wanayolambishwa ng'ombe. Haifai. Wavuna chumvi wa pwani wanapokausha maji kwenye mabwawa yao, chumvi ya kawaida huganda kwanza, na maji machungu yanayobaki humwagwa. Katika maji hayo machungu ndimo ilimo magnesiamu nyingi, na konokono anahitaji magnesiamu na kalisiamu ili kujenga gamba na kuishi. Ukimweka kwenye chumvi ya mezani unamweka kwenye maji ya kupikia ugali yaliyozidi chumvi.

Wengine wanapenda kubeba maji yenyewe ya bahari kwenye madumu. Madumu matano ya lita 20 ni zaidi ya kilo 100 za mzigo kwenye basi, na hiyo ni mara ya kwanza tu. Tena maji ya ufukwe wa mjini yana mafuta ya boti na maji taka.

Kwa maji ya kuchanganyia chumvi, mimi namshauri mtu wa Igawa atumie maji ya kunywa ya chupa kubwa yaliyochujwa kwa mitambo. Maji ya bomba yenye klorini yakae siku nzima yakipulizwa hewa, au yatiwe dawa ya kuondoa klorini. Maji ya mvua yaliyopita kwenye mabati yana zinki, na zinki haiwapendi konokono.

Halafu kuna upepo wetu. Kuanzia Agosti mpaka Oktoba, Usangu inakauka, na maji ya tangi yanapungua kila siku. Kinachoruka ni maji matupu, chumvi inabaki. Ukiongezea maji ya chumvi unazidisha. Bandika utepe kwenye kioo mahali maji yanapoishia, na kila asubuhi ongeza maji baridi yasiyo na chumvi mpaka kwenye utepe. Haidromita ya kupima chumvi ni kifaa kidogo, na asiyekuwa nayo asianze.

Umeme nao tuupigie hesabu. Konokono hawa wamezoea joto la nyuzi 24 mpaka 28. Juni na Julai usiku wa hapa unataka blanketi, na ukipanda Makambako au Uyole unataka mawili. Hita ya wati 100 ikifanya kazi nusu ya siku inakula uniti 1.2, yaani 36 kwa mwezi. Pampu ya wati 15 isiyozimwa inaongeza uniti 11 hivi. Taa ya wati 20 kwa saa nane ni kama uniti tano. Jumla 52. Kwa mtu ambaye nyumba yake inatumia umeme kidogo, hiyo inaweza kuwa sawa na kuongeza nyumba ya pili kwenye mita moja.

Na umeme ukikatika? Maji ya joto yenye chumvi hushika hewa kidogo kuliko maji baridi yasiyo na chumvi, na kadiri unavyopanda juu kutoka usawa wa bahari ndivyo hewa inavyozidi kupungua. Tangi la Mbeya mjini lina akiba ndogo kuliko tangi la Tanga. Pampu ndogo ya hewa inayotumia betri au sola si anasa. Shemeji angekuwa nayo usiku ule, pengine samaki wangepona hata kwa konokono walivyokuwa wameoza.

Konokono mwenyewe atakupa taarifa kabla ya samaki. Akiwa salama amejizika. Ukiwakuta wote wamepanda kwenye kioo mpaka juu ya maji wakati hujawalisha, jua chini kuna hali mbaya, pima maji siku hiyo hiyo na ubadili sehemu. Aliyelala juu ya mchanga, mdomo wazi, hajirudishi ndani ukimgusa, mtoe na umnuse. Aliyekufa hana maficho kwa pua.

Hapa kuna onyo ambalo wauzaji wa mjini hawalisemi kwa sababu wateja wao si wakulima. Konokono hawa hawaivumilii shaba hata kidogo. Mrututu tunaopulizia nyanya na kahawa ni shaba, na dawa nyingi za ukungu zina shaba vilevile. Mkono uliotoka kupuliza usiingie kwenye tangi, hata kama umenawa haraka haraka bombani. Ndoo ya kuchanganyia dawa isiguse maji hayo maisha yake yote. Baadhi ya dawa za magonjwa ya samaki pia zina shaba. Samaki atapona, konokono watakufa wote, na mchanga ukishanyonya shaba ni vigumu kuusafisha.

Kuhusu kuwasafirisha, konokono ni mwepesi kuliko samaki. Afungwe kwenye mfuko wenye maji kidogo na hewa nyingi, mfuko uingie kwenye boksi jeupe jepesi la kubebea samaki wabichi, boksi likae ndani ya basi na abiria. Likiwekwa buti karibu na injini litaiva Mikumi. Likikaa kwenye baridi litaganda Mafinga. Akifika asimwagwe moja kwa moja. Chukua mpira wa dripu mpya kutoka duka la dawa, dondoshea maji ya tangi kwenye chombo chake tone kwa tone kwa muda wa saa moja, ndipo umhamishe.

Wapo wanaosema, kwa nini ninunue wakati konokono wamejaa ufukweni, nikienda Dar msibani nitaokota. Kwanza, kukusanya viumbe wa bahari kwa biashara kunahitaji leseni chini ya Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003, na kwenye maeneo tengefu kama visiwa vya Mbudya na Bongoyo hairuhusiwi kuokota chochote. Pili, na hili ndilo kubwa, si kila konokono aliyejizika mchangani ni mpole. Katika bahari yetu hiyo hiyo wapo konokono wenye umbo la pia, magamba yao mazuri kwa michoro, ambao nao hujizika na kutoa mrija. Hao hurusha mwiba wenye sumu. Wapo watu duniani waliokufa kwa kuchomwa nao, na hakuna dawa ya kuiua sumu hiyo. Hospitali inachoweza ni kumsaidia mgonjwa kupumua mpaka imtoke. Mtu wa bara asiyewajua asitie mkono mchangani, na asimtume mtoto.

Sasa nifike kwenye jambo lililonikosesha usingizi zaidi ya samaki wanne.

Baada ya hasara ile, rafiki mmoja alimshauri shemeji aachane na chumvi. Aweke maji baridi, na badala ya konokono wa bahari aweke wale wakubwa wa rangi ya manjano, wazuri, wanaokula majani yoyote, wanaozaana bila kusaidiwa. Angempatia wa kuanzia. Hesabu ya gharama ilipendeza, hata mimi nilipoisikia niliona inapendeza.

Ukimwuliza mkulima wa Mwea, katika kaunti ya Kirinyaga nchini Kenya, atakuambia kitu kingine. Mwea ndiyo skimu kubwa ya mpunga ya Kenya. Mwaka 2020 ilithibitishwa kwamba konokono mgeni kutoka Amerika Kusini ameingia kwenye majaruba yao. Jina lake la kitaalamu ni Pomacea canaliculata. Ndugu za hao wa manjano wa kwenye matangi ni wa ukoo huo huo wa Pomacea, na mtu wa kawaida hawezi kuwatofautisha kwa macho.

Huyu anakula miche. Mpunga uliopandikizwa, wiki mbili tatu za mwanzo, anaukata kwenye usawa wa maji, na asubuhi mkulima anakuta mapengo. Mayai yake ni ya rangi ya waridi, yamebandikwa kwa mafungu juu ya maji, kwenye mashina ya mpunga, majani na kuta za mifereji. Maji yakikauka naye hujizika, si mchangani bali kwenye tope, anafunga mlango wa gamba lake na kusubiri miezi mpaka maji yarudi. Kiangazi chetu tunachokitegemea kuua wadudu, yeye anakilala.

Utafiti uliochapishwa mwaka 2023 kuhusu wakulima wa Mwea ulikuta kwamba kaya ambazo zaidi ya moja ya tano ya eneo lao lilivamiwa, mavuno yalipungua kwa takriban asilimia 14 na mapato halisi ya mpunga kwa takriban asilimia 60. Tofauti ya namba hizo mbili ndiyo ya kutazamwa. Mpunga unapungua kidogo, lakini fedha inaishia kwenye kurudia kupandikiza, vibarua wa kuokota na dawa.

Konokono wa jamii hii amesambazwa duniani na mikono ya watu, kwa chakula na kwa mapambo ya matangi. Taiwan walimpeleka karibu na mwaka 1980 wakitaka kumfuga ale watu, watu hawakumpenda, akatupwa, na leo wakulima wa mpunga wa Asia wanapambana naye.

Sasa piga picha ya Igawa. Mfereji uko hatua chache nyuma ya gesti. Maji yake yanaelekea mashambani, na mto Mbarali unaingia Ruaha Mkuu. Igomelo, Mbarali, Kapunga, Madibira, maelfu ya familia wanategemea maji ya bonde moja la Usangu. Mhudumu anayesafisha tangi Jumatatu asubuhi anamwaga ndoo uani. Ndani ya ndoo kuna konokono mmoja mwenye mayai. Hakuna sheria wala mgambo atakayemwahi huyo.

Konokono wa bahari akimwagwa kwenye mfereji huo hufa, kwa kuwa hawezi kuishi kwenye maji yasiyo na chumvi. Kwa hiyo msimamo wangu ni huu, na najua wenye maduka ya matangi hawataufurahia. Katika kata zinazomwagiliwa za Mbarali, Wanging'ombe na popote penye mpunga, mtu asifuge konokono yeyote wa maji baridi aliyetoka nje. Anayetaka konokono kwenye kioo alipie gharama ya chumvi. Asiyeimudu aweke samaki watupu, na kioo akisugue kwa mkono.

Halmashauri zinaweza kulisemea hili bila kusubiri barua kutoka juu. Maofisa ugani wanaokagua maduka ya pembejeo wapite pia kwenye maduka na magenge yanayouza samaki wa mapambo. Na mkulima atakayeona mafungu ya mayai ya waridi kwenye mpunga au ukuta wa mfereji asiyachukue kuonyesha watu sokoni. Ayakwangue, ayaponde, kisha amwite bwana shamba wa kata siku hiyo hiyo, naye awafikishie watu wa Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, TPHPA.

Mfanyabiashara mdogo ataniuliza, je, hawa wa bahari siwezi kuwazalisha niuze? Watataga, hilo ni kweli. Utaona vidude vidogo bapa vinavyong'aa kama magamba ya samaki vimebandikwa kwenye kioo. Lakini wanaoanguliwa huelea majini kama vumbi kabla ya kuwa konokono, na pampu na chujio huwamaliza karibu wote. Usiandike uzalishaji kwenye mpango wa biashara unaopeleka benki. Faida ya tangi hili iko kwenye meza za mgahawa, na ikikosekana hapo haipo mahali pengine.

Jambo dogo la mwisho kuhusu maji yanayotolewa kila wiki: yana chumvi, yasimwagwe kwenye bustani ya mchicha wala chini ya mpapai. Wa Usangu wanajua ardhi ikishaingiwa na magadi inavyokuwa. Shemeji amechimba shimo lake pembeni, mbali na mfereji na mbali na kisima.

Alianza upya. Safari hii mchanga na mawe vilikaa wiki sita bila samaki hata mmoja, na wateja walimwuliza kama anafuga mawe. Wakafuata samaki wawili, kisha wengine wawili. Konokono waliingia mwezi wa tatu, watano, na karatasi iliyobandikwa kando ya tangi ina siku za kuwalisha kwa mwandiko wa dada yangu, ambaye sasa ndiye mwenye ufunguo wa kabati la chumvi.

Jumanne iliyopita nilikuwa pale saa mbili usiku. Basi lilikuwa limeharibika, abiria wamejaa mgahawani. Dada alizima taa ya tangi, akadondosha kipande cha kamba. Mama mmoja mwenye mtoto mgongoni alikuwa wa kwanza kuona mrija ukitikisika. "Jamani, mchanga unapumua," alisema, na wote wakasogea. Walitoka wanne. Wa tano alichelewa, dada akachukua tochi ya simu akaanza kumtafuta.